Dakika Sita kwa Kila Shingo

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuacha na kwenda kumsumbua mtu mwingine, ikiwezekana yule kinyozi jirani yako. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda chini. Juu ya hapo sijui niseme nini.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la vitambaa, mlangoni kabisa. Nilipomwambia huna simu wala hutaki kuwa nayo alicheka sana, mpaka nilipomweleza sababu yako, kwamba simu inawainamisha watu kama wanaotafuta sindano iliyoanguka. Akajishika kisogo.

Nimewekwa upande wa kola. Kiwanda kinashona mashati, mimi nashona kola tu. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze, na sijaona shati zima likitoka mkononi mwangu. Benchi halina egemeo, na meza iko juu, kwa hiyo mabega yanapanda yenyewe kuyafuata masikio na yanabaki huko huko hadi king'ora kilie. Mtu akiniita nageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Juzi nilitaka kutazama nyuma huku navuka barabara, nikahisi uzi umevutwa kutoka sikioni hadi chini ya bega. Nikaganda katikati ya barabara, magari yananipigia honi.

Siyo mimi peke yangu. Jirani yangu wa cherehani, Mama Pacha, anashona mikono ya mashati. Ana mapacha wa miaka mitatu, na anasema wakitaka kubebwa anaketi sakafuni ili wampande wenyewe, maana kuwainua hawezi. Sote tunanuka dawa ya kuchua. Ukifungua mlango asubuhi utadhani umeingia wodini.

Nilikulia katika chumba chako cha kukandia, Shangazi, lakini kazi yangu ilikuwa kupasha maji na kukunja vitambaa, na kukufinya mabega ukichoka. Kunifundisha sawasawa ulikataa. Ulisema nitafute kazi ya kukaa. Basi nimekaa. Sasa nifundishe.

Mwanao,
Kidole

15 Februari

Kidole, mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, kinyozi bado yupo. Jumamosi alimkamata mteja aliyekwenda kunyoa ndevu tu, akamzungusha kichwa, krak! Mtaa mzima ulisikia, na yule bwana akalipa na kushukuru. Jumatatu bwana huyo huyo yuko kwenye benchi langu, kichwa kimeelekea dirishani na hakitaki kurudi. Nikaenda kumwambia kinyozi kwamba shingo si kifuniko cha chupa. Akanijibu, "Dada, una wivu tu. Shingo zako hazitoi sauti." Mjinga yule ana maneno matamu, ndilo linaloniudhi.

Sasa sikiliza, na usinisome haraka haraka kama unavyokula.

Kabla hujamgusa mtu, muulize: vidole vinakufa ganzi? Vitu vinakuponyoka? Akisema ndiyo, ondoa mikono yako. Hilo si fundo la msuli. Ni mshipa wa fahamu umebanwa mahali, na kidole chako hakina macho ya kuona ni wapi. Aende hospitali. Usimkande hata akilia, hata akikuapia kwamba ni kidogo tu. Swali hilo linatangulia kwa kila mtu na kila siku, hata kwa uliyemuuliza jana.

Akisema hapana, mketishe, miguu yote miwili sakafuni. Mwekee kitambaa cha moto kwenye mabega mpaka ngozi ilegee. Kisha shika ule msuli wa juu ya bega, kati ya shingo na kifundo cha bega, kama unavyoshika unga uliokandwa, ukiuinua kidogo. Tafuta kwa gumba palipo pagumu kama punje. Ukiipata atakuambia mwenyewe, atavuta pumzi. Hapo bonyeza na usubiri. Usisugue, hufui nguo. Subiri apumue mara nane, mara kumi, na utahisi punje inayeyuka chini ya gumba. Kama haiyeyuki, umebonyeza kwa hasira, punguza. Mwisho msimamie nyuma, weka ncha za vidole chini ya mfupa wa kisogo, mwache akuachie uzito wa kichwa. Kichwa ni kizito, Kidole. Watu hawajui wanabeba nini mpaka mtu mwingine akibebe kwa dakika mbili. Koo la mbele usiliguse, na usimzungushe mtu shingo hata siku moja.

Kazi hiyo yote ni nusu saa. Anayekuambia ni chini ya hapo anauza kitu kingine.

Na nani aliyeipima meza yenu? Aliwahi kuketi hapo walau asubuhi moja? Wanaipima kola kwa milimita, na shingo inayoinamia kola hiyo hawajawahi kuipima. Waambie wakate miguu ya meza. Msumeno wa fundi seremala ungewaponya watu wengi kuliko mimi na wewe.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na vumbi la msimu huu, dereva ameniambia linaingia hadi kwenye chai. Mimi sijambo, safari hii sijambo kweli kweli. Nageuka! Kushoto na kulia!

Nilianza na Mama Pacha, wakati wa mapumziko ya mchana, nyuma ya marobota ya vitambaa. Nilimuuliza swali lako, akasema hana ganzi, ana njaa tu. Nilipobonyeza akatukana ukoo wangu wote, kisha akalia kidogo. Jioni akawainua mapacha wote wawili kwa mpigo, akaja asubuhi kunisimulia kama mtu aliyeshinda mbio. Naye akanikanda mimi kwa maelekezo yako. Siku ya tatu kulikuwa na foleni.

Siku ya sita Msimamizi akanikuta. Nilijua nimekwisha. Akasimama, akatazama, akaketi yeye! Kumbe naye shingo imemkaa kama mti. Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini, nikaambiwa niache kola. Nimepewa chumba, Shangazi, kilikuwa stoo ya vifungo. Nina kiti, taulo, birika la umeme, na fulana yenye maandishi mgongoni: HUDUMA KWA WAFANYAKAZI. Kila fundi ana dakika sita. Kuna daftari, anatia sahihi akiingia, nami natia sahihi akitoka.

Msimamizi anasema mashati yameongezeka tangu nianze. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa mtu ananiita kwa heshima. Wananiita "Daktari."

Furahi pamoja nami.

Mwanao,
Kidole

2 Aprili

Kidole,

Marahaba. Mimi ni mzima. Usijali mwandiko, kalamu hii ni mbovu.

Kufurahi nimejaribu. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, nikijaribu kufurahi kama mtu anavyojaribu kupiga chafya, na haikuja.

Wamekufanya grisi, mwanangu. Mashine ikikwaruza wanatia grisi. Mtu akikwaruza wanakuita wewe. Meza imeshuka? Benchi limepata egemeo? Mapumziko yameongezeka? Hukuandika, kwa hiyo hapana. Mashati ndiyo yameongezeka. Umesikia unavyojivunia? Unajivunia hesabu yao! Shingo iliyokuwa ikipiga kelele "inatosha" sasa wewe unaiziba mdomo kwa taulo la moto, inarudi kwenye cherehani. Nasoma kila gazeti linalofungiwa sabuni, na sijasoma mahali popote kwamba dawa ya meza iliyo juu ni kidole cha binti.

Na dakika sita! Hebu tuzitumie. Moja anaketi. Ya pili kitambaa. Ya tatu bado unaitafuta punje. Ya nne umeipata. Ya tano unabonyeza. Ya sita anainuka. Niambie, swali umeliweka katika dakika ya ngapi?

Hilo jina la "Daktari" likatae. Walishaniita hivyo na mimi.

Shangazi yako

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako nimeisoma mbele ya Mama Pacha na nikaona aibu, kwa hiyo nitakujibu kama ulivyonizoesha, bila kuzunguka.

Umewakanda wabeba mizigo wa ghala miaka yote niliyokujua. Walikuja jioni wamepinda, wakaondoka wamenyooka, na asubuhi wakarudi kwenye magunia yale yale. Je, uliwahi kwenda ghalani kupunguza uzito wa gunia hata moja? Ulipasha maji, nami nilikunja vitambaa. Kama mimi ni grisi, nimetoka kwenye kopo lako.

Unadhani watu hawa wanasubiri meza ikatwe miguu? Wana watoto, wana kodi. Dakika sita ni bora kuliko sifuri. Swali silifikii kila mara, ni kweli, nina watu hamsini na wanne kwa siku. Lakini sijawa mjinga. Mama Pacha aliniambia juzi vidole vyake viwili vya mwisho vinasinzia kidogo asubuhi, nikamwambia ni bega tu limekaza, na nikimkanda anapata nafuu, anarudi kazini anacheka. Sasa namchukua mara mbili kwa siku, Msimamizi ameruhusu. Ningemwambia nini? Nenda hospitali, poteza siku tatu, ukirudi ukute mtu mwingine kwenye cherehani yako?

Wewe una benchi lako na hasira zako. Wengine tuna zamu.

Kidole

25 Aprili

Umeandika kwamba vidole vya Mama Pacha vinakufa ganzi. Usimguse tena. Mpeleke hospitali leo hii unaposoma. Mengine yote tutagombana baadaye.

Shangazi

30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado unaipokea salamu yangu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako fupi ilinifikia tarehe pili Mei. Dereva alinipa mkononi. Niliiona bahasha nyembamba nikasema, haya, matusi mafupi. Nikaikunja nikaiweka mfuko wa nyuma wa sketi, na sketi nikaitundika. Sikuifungua, Shangazi. Kwa hasira tu. Nilitaka ukae siku kadhaa bila jibu, ujisikie vibaya. Nilimkanda Mama Pacha siku kumi na tisa zaidi, mara mbili kwa siku, huku maneno yako yakiwa yametundikwa nyuma ya mlango wangu.

Tarehe ishirini na moja mkasi ulimwanguka. Akauokota, ukaanguka tena. Akacheka, akasema, "Leo mkasi umelewa." Mara ya tatu hakucheka. Jioni niliporudi nyumbani nilishika ile sketi niifue, nikasikia karatasi ndani, nikaisoma. Asubuhi nikampeleka Mama Pacha hospitali.

Hospitali wamempiga picha. Pingili mbili za shingo zimekaa vibaya, mshipa umebanwa muda mrefu. Daktari aliuliza ganzi ilianza lini. Mama Pacha akanitazama mimi. Nikasema Aprili. Daktari akaandika, akasema laiti angekuja Aprili. Amemfunga kola ngumu ya shingo, nyeupe. Mkono wa kulia hauwezi kufunga kifungo. Nilishona kola karibu mwaka mzima, na hiyo siwezi kuitazama.

Kiwanda kimemwachisha. Alipodai haki yake wakaleta daftari langu. Kuanzia Machi hadi Mei, sahihi yake na sahihi yangu, mstari kwa mstari, kurasa na kurasa. Wanasema kiwanda kilimhudumia kuliko mfanyakazi mwingine yeyote, na kama aliumia aliumia nyumbani akibeba watoto. Sasa wameniletea karatasi imeshapigwa chapa. Inasema kwamba katika siku zote nilizomhudumia hakuwahi kuniambia ana ganzi. Nikitia sahihi, nabaki na chumba changu. Nisipotia, Msimamizi anasema wataanza kuuliza nani alinipa cheti cha kukanda watu. Wamenipa hadi tarehe kumi na tano Julai.

Mama Pacha hajui kuhusu karatasi hiyo. Ananiuliza kila siku kama nimekula.

Nifanye nini, Shangazi?

Mwanao

8 Julai

Kidole,

Marahaba, ingawa huu si mwandiko wa Shangazi yako. Ni wangu mimi, kinyozi. Yeye ameketi kwenye kiti changu cha kunyolea, anasema, mimi naandika. Ameniamuru nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mvunja shingo na mwandiko wangu ni wa kuku. Nimekiri. Kuanzia hapa ni maneno yake, sipunguzi wala siongezi.

Salamu yako naipokea. Kwa nini nisiipokee?

Mkono wangu wa kulia haushiki kalamu tangu Mei. Ganzi ilianza mwaka jana, kwenye gumba. Nikasema ni uchovu, nikabadilisha nikawa nakanda kwa kiwiko. Kila aliyeketi kwenye benchi langu nilimuuliza swali lile. Mimi sikujiuliza.

Ulisema niliwarudisha wabeba mizigo kwenye magunia. Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikaacha, maana ni kweli, na wewe hukujua hata nusu yake. Sasa nakuambia, na aibu yangu anaiandika kinyozi, kwa hiyo ujue sina pa kujificha.

Swali lile hakunifundisha mtu. Baba yako, kaka yangu, alikuwa mbeba mizigo pale ghalani. Ulikuwa na miaka minne. Alikuja siku moja baada ya kazi, bega limeganda, akasema na vidole viwili havisikii kitu. Ghala lilikuwa limejaa, aliyekosa kesho alikuwa anapoteza nafasi. Akaniomba nimweke sawa. Mimi nilikuwa hodari, nilijipenda. Nikamkanda saa nzima. Akainuka anazungusha mkono kama feni, anacheka, akaniita Daktari. Kesho yake alipanda ubao wa kupakilia lori na gunia begani, mkono ukamwachia, gunia likamvuta chini, hakuinuka tena.

Wewe uliambiwa aliteleza. Hakuteleza. Wakubwa wa ghala walikuja kuandika, wakaandika "aliteleza", nami nimesimama pale pale. Ningesema mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, wangeniuliza nilijuaje. Nikanyamaza. Nikakuchukua wewe nikakulea. Ndiyo maana sikutaka ujue kukanda, na ndiyo maana uliponiomba niliweka swali mbele ya kila kitu, nikidhani kuandika swali inatosha bila kuandika lilitoka wapi.

Sasa karatasi ile ile imekuja kwako. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuulizwa, lakini umeniuliza. Usitie sahihi. Chukua kalamu yako, andika alichokuambia na ulichofanya, vyote viwili. Usijitoe humo. Ukijitoa wewe, na wao watajitoa.

Shangazi yako

Kinyozi tena. Amesinzia kitini. Nimemwona mara kadhaa akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto. Hajui kwamba nimeandika hili.

2 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na kinyozi msalimie, mwandiko wake unasomeka kuliko ulivyomsingizia.

Barua yako niliisomea stoo ya vifungo, mlango umefungwa, huku mtu anagonga kwamba dakika zake zinakwisha. Kuhusu Baba sina maneno bado. Nilikuwa na picha moja kichwani tangu utoto, ya mtu anayeteleza. Sasa sina hiyo. Nina nyingine, anazungusha mkono na kucheka. Sijui kama nakushukuru.

Karatasi yao niliigeuza nyuma, nikaandika: "Aliniambia tarehe kumi na sita Aprili. Nilijua maana yake. Nilionywa kwa maandishi, sikufungua. Nilimkanda ili abaki kwenye cherehani, na mimi nibaki chumbani." Niliandika nakala mbili, maana kola hukatwa mbili mbili, nimezoea. Msimamizi aliisoma ya kwanza, akaichana taratibu, akakunja vipande vizuri kama risiti. Akaniambia niache fulana. Siku hiyo hiyo aliketi msichana mwingine mle ndani. Nilimpitia mlangoni nikamwambia swali. Akaniambia, "Dada, nina foleni."

Nakala ya pili nilimpelekea Mama Pacha. Alikuwa ameketi kitandani, ile kola nyeupe inamzuia kuinama, ikabidi nimshikie karatasi mbele ya macho. Alisoma hadi mwisho. Nilisubiri anitukane ukoo wote kama siku ile ya kwanza. Akanisogezea shati la mtoto akasema, "Nifungie vifungo." Nimefunga vifungo vya mapacha kila asubuhi wiki mbili sasa. Hajasema amenisamehe, nami sijamwomba. Karatasi ameipeleka ofisi ya kazi ya serikali, wamempa tarehe ya mwezi wa kumi na moja. Nitakwenda kusema mbele yao. Vidole vyake havijarudi, na daktari haahidi.

Dada yake anakuja kukaa naye kesho kutwa. Mimi nakuja kwako. Dereva ataniweka kiti cha mbele akishaniletea jibu lako, na ninahitaji jibu.

Najua unachotaka. Unataka niingie, nipashe maji, nikuwekee kitambaa, nikufinye mabega kama zamani, tusahau. Natamani hivyo pia, mikono inaniwasha. Lakini sikugusi kabla hujanijibu, na ujibu kweli:

Vidole vinakufa ganzi? Mkono gani? Vingapi?

Mwanao,
Kidole

9 Agosti

Kidole, mwanangu,

Marahaba. Kinyozi, ndiye anayeniandikia na hii, amenisomea barua yako mara mbili, mara ya pili nikamwambia aruke pale pa baba yako, akakataa.

Nilikuwa nimeshaandaa uongo. Nilikuwa nimesema nitakuambia ni gumba tu, na limeanza kupona. Vitambaa nilishavikunja kwa meno na mkono mmoja, viko juu ya birika. Tangu uliposema unakuja nilikuwa naisubiri ile mikono yako begani kwangu, sikufichi.

Jibu: kulia vyote. Kushoto viwili, tangu mwezi uliopita.

Basi, usiniguse. Njoo hivyo hivyo.

Shangazi yako